Mwaka Nilioitikia Jina la Utotoni

Walipomchukua Zainabu kwenda makaburini, sisi wanawake tulibaki uani tukichambua mchele, na mpwa wake mmoja, mama mtu mzima anayefanya kazi benki, akanijia na daftari na kalamu. Alikuwa anaandika wasifu wa marehemu utakaosomwa siku ya hitima, na kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma naye chuo na kufundisha naye shule tatu, wakubwa walimwambia aanzie kwangu. Aliuliza mwaka wa kuzaliwa, shule alizopitia, watoto aliowaacha, akaandika yote kwa mwandiko mzuri. Kisha akauliza, "Na majina yake yote, mama?" Nikamwambia analo moja tu, Zainabu, aliandike hivyo hivyo. Alinitazama kidogo kwa sauti niliyotumia. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, kila niliyemfundisha anajua hilo, lakini siku ile haikuwa hasira. Nilikuwa nimekumbuka mwaka wetu wa kwanza wa chuo pale Masasi, na nilihisi haya ambayo nilidhani imekwisha zamani.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Maduka ya Masasi, ambayo sisi tuliyajua kwa kiberiti na chumvi ya mawe, yalijaa sabuni za rangi na redio za kaseti, na siku za gulio mitumba ilimwagwa juu ya maturubai mpaka barabarani. Ruksa hiyo iliwafikia hata watu wa dini. Kulikuwa na chuo cha ualimu cha kanisa, sitakitaja jina, chini ya yale majabali ya mji, ambacho kwa miaka mingi kilisomesha watoto wa kanisa peke yao. Wizara ikawaambia watasajiliwa na vyeti vyao vitatambuliwa, ila mlango uwe wazi kwa kila mwenye sifa. Mwaka wa kwanza wa mlango kuwa wazi, Waislamu tulioingia tulikuwa watatu. Wa tatu, kijana wa Chiungutwa, aliondoka mwezi wa pili kwenda kununua korosho na mjomba wake, hivyo naye nitamwacha na korosho zake. Tukabaki wawili, mimi na Zainabu, wote watoto wa Newala, kijiji kimoja, na unyago tulichezwa mwaka mmoja.

Kabla hatujaenda, Mkuu wa chuo alipanda mwenyewe Newala kuonana na wazee. Alikuwa padri, mtu wa Muheza, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Wazee walikaa kwenye madawati ya shule ya msingi, magoti yakiwafikia kidevuni, wakamsikiliza akieleza habari za mabweni na ada na sare. Baba yake Zainabu, Mzee Mohamedi, aliyekuwa analima korosho na kufundisha watoto Kurani, hakuuliza habari ya ada. Aliuliza jambo moja tu: mtoto akirudi huku likizo, ataitwa nani? Kila mtu alielewa swali. Watu walikuwa na mifano yao, ya fulani aliyekwenda kusoma kwa mapadri akiwa Hamisi akarudi Fransisi. Mkuu akasimama, akaweka mkono kifuani, akasema jina atakalokuja nalo mtoto ndilo atakalorudi nalo, hata herufi moja haitaguswa. Wazee wakaridhika na mimi nikaona safari imekubaliwa. Hakuna aliyejua kwamba ahadi ile nzuri ndiyo itakayotaka kumfukuzisha binti wa mzee yule yule.

Chumba tulichopewa kilikuwa na vitanda viwili vya chuma na dirisha linalotazama jikoni. Ukutani, juu ya kila kitanda, palikuwa na alama nyeupe ya msalaba. Mama Anna, mlezi wa wasichana, alikuwa ameiondoa misalaba yenyewe asubuhi ya siku tuliyofika ili tusisononeke, lakini rangi ya ukuta ilikuwa imefifia pande zote isipokuwa pale iliponing'inia, kwa hiyo tukalala mwaka mzima chini ya misalaba ambayo haipo. Zainabu alicheka sana. Chakula nacho kilikuwa na adabu zake. Mkuu aliagiza mbuzi na kuku wote wachinjwe na mzee mmoja Mwislamu wa jirani, na tangu siku hiyo chuo kizima cha kanisa kikawa kinakula nyama halali bila kuulizwa. Ilikuwa mara moja kwa wiki. Siku nyingine ilikuwa ugali na mbaazi, au ugali na kunde, na kabla ya kula wenzetu walisali wamesimama, sisi tumesimama nao tukitazama mvuke. Kupitia lile dirisha tuliwasikia wapishi wakitujadili. Mmoja alisema wageni wenyewe mbona wanakula kama watu wengine, mwenzake akamjibu ulitaka wale kwa masikio. Tulijua hapo kwamba jikoni hatuna adui.

Inabidi nieleze habari ya majina, maana wasomaji wangu wengine si watu wa kwetu. Juu kule Newala, mtoto huzaliwa akapewa jina, na jina hilo ni la kuchezea tu. Akichezwa unyago, au akiwa mvulana akienda jando, hutoka na jina la ukubwani, na lile la kwanza linazikwa. Hakuna anayelitaja tena. Ukimwita mtu jina la utotoni umemtukana, umesema mbele za watu kwamba bado ni mtoto, kwamba kungwi wake alifanya kazi bure na mama yake hakupika pombe wala uji wa mtu yeyote. Unatozwa kuku, na ukilitaja kwa ubaya unatozwa zaidi. Na mwenye jina naye ana wajibu wake, haitikii. Akiitika, ameitukana nafsi yake mwenyewe, na hilo halina faini. Sasa shule ilitukuta darasa la kwanza na majina ya utotoni, na karatasi za serikali zikayashika. Sekondari mwalimu wa taaluma alikuwa mtu wa kwetu. Darasani alituita majina makubwa, na fomu za wizara akazijaza kimya kimya yale ya zamani. Miaka minne sikuwahi kusikia jina langu la kwanza likitajwa kwa sauti. Langu nitaliandika, maana limekwisha kunimaliza: ni Tabu. La Zainabu sitaliandika hapa wala popote.

Jumatano ya wiki ya kwanza tukaitwa ukumbini kuhakikiwa. Msajili, Mwalimu Haule, alitoka Songea mwezi ule ule. Alikuwa kijana msafi, anayependa mambo yake yanyooke, na ameshika orodha ya wizara kwa mikono miwili. Nje barazani walikaa waliokosa nafasi, wanasubiri kama kuna ambaye hakufika. Mbele yao alikuwa msichana wa Lisekese, binti wa katekista, amekalia sanduku lake la bati. Mwalimu Haule akaanza kusoma, watu wakaitika nipo, nipo. Halafu akasoma, "Tabu Saidi." Nikatazama ile orodha mikononi mwake, nikamtazama yule msichana wa sanduku, nikasema, "Nipo." Wengine waligeuka kunitazama kama wanavyotazamwa wote. Lakini hapa na pale katika mabenchi, wavulana na wasichana kadhaa waliinamisha macho chini, na wengi wao walikuwa Wakristo. Ndivyo nilivyojua ni nani katika ukumbi ule wanatoka kwetu. Walikuwa wananisitiri.

Majina kama kumi hivi baadaye akalisoma la Zainabu. Kimya. Akarudia. Akarudia mara ya tatu, kwa nguvu, na watu wa Songea na wa Njombe wakaanza kucheka kwa sababu jina lenyewe lina maana ya kuchekesha kidogo. Zainabu alikaa mikono mapajani, anatazama mbele kama mtu asiyehusika. Mwalimu Haule akachora mstari. Orodha ilipokwisha akamwona binti mmoja amebaki hajaitwa, akamuuliza yeye ni nani.

"Naitwa Zainabu Mohamedi, mwalimu."

"Zainabu hayumo kwenye orodha hii. Baba yake Mohamedi yupo, kijiji kipo, namba ya mtihani ipo. Si ni wewe?"

"Namba ni yangu."

"Basi na jina ni lako. Itika, niandike, twende tukale."

"Siwezi, mwalimu."

Aliposema siwezi hakupandisha sauti wala hakuinama. Mwalimu Haule hakuwa mtu mbaya, na nasema hivyo kwa kuwa nilifanya kazi naye baadaye. Alidhani ni kiburi cha binti wa pwani, au ni mtu amekuja na cheti cha ndugu yake, jambo ambalo lilikuwepo sana siku zile. Akasema mpaka Jumamosi saa sita mchana, kama mwenye jina hajaitika, nafasi anapewa mwingine. Nje barazani yule msichana wa Lisekese alisikia. Jioni alikula na sisi jikoni, kwa sababu hakuwa na pa kula, akawa hatutazami usoni.

Mchana wa Alhamisi nilifunga mlango wa chumba, nikamkalia Zainabu kitako. Nilimwambia hawa si watu wa kwetu, hawajui, asiyejua hatukani. Nilimwambia wazee walibishana miezi mitatu ili sisi tuje, na tukirudi na masanduku yetu hakuna binti mwingine atakayeruhusiwa, watasema mnaona. Nilimwambia ni neno moja tu, nipo, lina herufi nne. Alikuwa anakunja kanga yake, akaikunja mpaka ikawa ndogo kama kitabu.

"Wewe umeitika," akasema. "Umepungukiwa nini?"

"Sijapungukiwa kitu."

"Mbona tangu jana hunitazami?"

Nikatoka kwenda kuchota maji ya kuoga. Kwa miaka mingi nimejitetea mbele ya swali lile. Nimesema nilikuwa na akili ya maisha, na yeye alikuwa na ukaidi. Nimesema mama yangu alikuwa mjane, asingeweza kunitafutia nafasi nyingine. Yote ni kweli. Ila nilipokuwa namshawishi aitike sikuwa nafikiria masomo yake. Nilitaka tuwe wawili.

Jikoni palikuwa karibu na ofisi, na Ijumaa asubuhi, nikisubiri maji ya moto, niliwasikia Mkuu na Mwalimu Haule. Mwalimu Haule mwenyewe alikuwa ameanza kulegea, anasema pengine waandike tu Zainabu na mambo yaishe. Mkuu ndiye aliyekataa. Alisema aliwaahidi wazee wa Newala, mkono kifuani, kwamba jina halitaguswa, na sasa chuo cha kanisa kikimwandikisha mtoto wa Kiislamu kwa jina ambalo halimo kwenye cheti chake, wiki ya kwanza tu, nani ataamini kwamba hawajambadilisha? Alisema kwa uchungu. Maskini, alikuwa analinda jina lile lile alilokataa Zainabu, akidhani anamlinda Zainabu. Mama Anna alikuwa kasimama na mwiko, naye anasikia. Akanitazama mimi, si kwa upole, akaweka mwiko chini na kuingia ofisini bila kubisha. Nilimsikia vizuri, maana alitaka asikike.

"Baba Mkuu, mimi nimebatizwa, nimefunga ndoa madhabahuni, na wanangu wanne umewabariki wewe. Nina jina la utotoni. Mume wangu halijui. Ukilisoma leo kwenye orodha yako, mimi hapa chuoni sipo. Hili si la Uislamu, ni letu sote wa kule juu."

Mkuu akauliza, kwa sauti ya mtu aliyekaa Masasi miaka sita, kwa nini hakuna aliyewahi kumwambia. Mama Anna akamjibu kwamba hakuwahi kuuliza. Wakakubaliana kwamba dawa ni kiapo cha mahakama, mzazi aape kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja. Mama Anna akapeleka ujumbe kwa dereva wa lori la korosho lililokuwa linarudi Newala mchana ule.

Mzee Mohamedi alifika Jumamosi mapema, kanzu yake ina vumbi jekundu la barabarani mpaka kifuani, na kwapani amebana kuku jike mweupe aliyefungwa miguu. Nikadhani ni zawadi ya Mkuu. Tulikwenda mahakama ya mwanzo sote, Mama Anna, Mwalimu Haule na saa yake ya mkononi, Zainabu na mimi. Karani alikuwa na kalamu tayari. Akauliza jina la kwanza la mtoto. Mzee akakohoa, akaomba karatasi, akaandika. Karani akaigeuza ile karatasi juu chini, chini juu. Mzee alikuwa ameandika kwa herufi za Kiarabu, ndizo alizozizoea, na hakuna mle ndani aliyeweza kuzisoma isipokuwa mimi na Zainabu, na sisi tukatazama dirishani. Karani akasema mzee, sheria inataka utamke. Ilikuwa karibu saa nne. Mzee Mohamedi alisimama, akamwendea binti yake kwanza, akasema, "Mama, niwie radhi." Kisha akainama juu ya meza na kulitamka polepole, mara moja. Sijawahi kumwona mwanamume wa makamo yake akitoka jasho vile asubuhi ya ubaridi. Karani alipomaliza kuandika na muhuri kugongwa, mzee akamchukua yule kuku akampa Zainabu kwa mikono miwili, kama mtu anayelipa mtu mkubwa mwenzake. Alijua tangu Newala kwamba atalitaja na atatozwa. Zainabu akampokea, akasema, "Imekwisha, baba," na hapo ndipo alipolia.

Mwalimu Haule aliliandika jina Zainabu kwenye orodha kwa wino mwekundu, vizuri kabisa, kisha akanigeukia. Nadhani alikuwa amekwisha elewa. Akaniuliza kama na mimi ninalo jina jingine, karani yupo, muhuri upo, ni kumwita mzazi tu. Jina langu ni Mwanahawa. Lilikuwa mdomoni. Lakini kumwita mama maana yake ni kumwambia kwamba niliitika, na akilini nilimwona akishuka kwenye lori, anakuja kuapa kwa ajili ya binti ambaye tayari ameitika. Nikasema hapana, mwalimu, ninalo hilo hilo. Zainabu alikuwa karibu yangu na kuku wake, akasikia.

Mwaka ule ulikuwa mzuri, na si haki niseme vinginevyo. Msichana wa Lisekese alipata nafasi ya yule wa korosho, akawa rafiki yetu. Tulijifunza kuandaa somo, kuandika ubaoni bila mistari kupanda mlima, kuimba nyimbo za kanisa kwa kuruka maneno ambayo hatukuyataka. Mwaka uliofuata waliingia wasichana tisa kutoka Newala, na Mwalimu Haule aliwauliza kila mmoja faraghani, kabla ya kuwaita majina, wanaitwa nani kwao. Huo ni mlango aliofungua Zainabu, si mimi. Chuo kizima kiliniita Tabu, na cheti kikatoka Tabu, na barua ya ajira, na watoto wa shule miaka yote hiyo, Mwalimu Tabu shikamoo. Zainabu peke yake hakuniita hivyo hata siku moja. Tukiwa chumbani aliniita Mwanahawa. Mbele za watu, ili asinifedheheshe, aliniita mwenzangu.

Likizo ya Desemba tulipanda basi wote, na mama alikuja kunipokea stendi ya Newala, amevaa kanga mpya. Tulikumbatiana, nikapokea habari zote. Newala wakati ule maji yalikuwa ya kufuata bondeni, mwanamke anashuka ukingo wa mlima usiku hajala na kupanda saa tatu asubuhi, na ndoo nzima isiyovuja ilikuwa mali ya kuachiana urithi. Chuoni nilikuwa nimenunua ndoo ya chuma, kubwa, mpya, nimletee yeye. Mwanafunzi mwenzetu aliyekuwa anaendelea na basi akaichomoa katikati ya viti, akainyanyua dirishani na kuita, "Tabu! Tabu, ndoo yako!" Jina lilikuwa limeandikwa ubavuni kwa rangi nyeupe, kama tulivyoandika vitu vyote bwenini. Mama alijifunza kusoma kwenye madarasa ya watu wazima, na alijivunia kusoma kila kitu, hata magunia. Akageuka. Nikamwona akisoma kwa midomo, herufi moja moja.

"Nani anaitwa huyo?" akauliza.

"Simjui, mama."

Yule mwenzetu akaita tena, akitucheka, basi likiunguruma. Nikatazama pembeni. Zainabu alinyoosha mkono nusu aipokee, kisha akaniangalia, akaurudisha. Basi likaondoka na ndoo dirishani.

"Ndoo nzuri ile," mama akasema, akaanza kutembea. "Mwenyewe ataitafuta."

Nikamwambia ndiyo mama, ataitafuta.